Kioo Kilichobaki Nje ya Picha

Tarehe 3 Februari

Kwako Chiriku, mke mwenzangu,

Pokea salamu zangu uzigawe na mama yako ukimwona, maana yeye kushika kalamu mpaka afe mtu. Huku tupo. Goti linauma asubuhi, ikifika mchana linasahau. Mjomba wako amenenepa na anasema ni shati ndilo lililonywea lilipofuliwa. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu. Siku hizi ana tabia ya kunitokea ubavuni kimyakimya kama mwizi wa kuku, nikishtuka anacheka. Nimemwambia siku moja nitamtwanga mwiko, sitaki lawama.

Picha imefika. Nakwambia kabla sijapoa: hukupiga picha wewe, umekata picha.

Uliniomba ufunguo wa studio ya babu yako, nikakupa. Uliniomba lenzi yake, nikaitoa kwenye soksi yake ya sufu, nikakupa, na unajua hata mjomba wako sijawahi kumshikisha. Ukaweka ile miguu mitatu ya kamera juu ya vizibo vya soda alivyovipigilia babu yako sakafuni ili asihangaike kila siku kutafuta pa kusimama. Nikakaa kwenye kiti. Nikanyamaza, jambo ambalo si la kwangu. Leo nafungua bahasha naona nini? Mimi, kiti, na pazia kidogo. Nimejaa karatasi nzima kama mtu anayetafutwa na polisi. Benchi la wateja halipo. Kioo hakipo!

Ngoja nikueleze kwa nini nagomba, maana wewe ulizaliwa mambo yameisha. Zamani mteja alikuja anataka picha zake kesho, na filamu kwenye kamera haijaisha. Huwezi kusafisha filamu nusu ukaitupa nusu. Basi babu yako aliita, "Mama watoto, njoo umalizie!" Naacha sufuria, nafuta mikono kwenye gauni, nakaa kwenye kiti, pwa, narudi jikoni. Ndiyo maana katika picha zangu zote nina uso wa mtu aliyeacha kitu motoni. Ni picha za kumalizia hizo. Ya kuanzia sikupigwa hata siku moja, na nilikuwa mzuri, usicheke.

Lakini katika kila moja, pembeni kushoto, kwenye kile kioo cha wateja kuchania nywele, babu yako yumo. Kamera usoni, mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo. Hana picha nyingine yule, maana mpigaji alikuwa yeye. Na unajua bati lilivyovuja, zikagandana zote kama maandazi ya jana. Imebaki moja, nayo ina ukungu.

Sasa mwenye nyumba amempa muuza vipuri vya pampu chumba cha studio. Mwisho wa Aprili tunatoka. Najua babu yako hatakuwemo kwenye kioo, sijawa mwendawazimu. Nataka chumba kizima kama alivyokuwa akikiona yeye, na kioo pale pale pake. Nataka kukitazama nikiwa nimekaa kitandani kwangu. Ndicho ninachokuomba, na sitakuomba kingine.

Rudi upige tena. Na usiniambie nipige simu. Simu niliyopewa na mjomba wako nimeifungia kabatini, mtu huwezi kumgombeza kwa simu, anakata.

Bibi yako.


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Bibi,

Nimepokea barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisomea hapo hapo mpaka mwenye nyumba wangu akauliza kama kuna msiba. Mama anasema atakuandikia. Mimi mzima, kazi inaendelea.

Bibi, sikukata. Lenzi ya babu haina kosa na vizibo havina kosa. Aliyekosea ni mimi. Nilidhani lenzi ile ile, mahali pale pale, vitaleta picha ile ile.

Ile 50 iliyochongwa kwenye ukingo wa lenzi ni milimita. Ni umbali wa kutoka kwenye lenzi mpaka pale mwanga wa kitu cha mbali unapokusanyika ukawa picha. Umbali ukiwa mfupi, lenzi inaona upana mkubwa. Ukiwa mrefu, inavuta na kubana. Hiyo haibadiliki hata uifunge kwenye kamera gani. Kinachobadilika ni kile kinachopokea picha huko ndani. Babu alikuwa na filamu. Mimi nina kibamba kinaitwa kihisi, ndicho kinachoshika mwanga, na cha kamera yangu ni kidogo kuliko filamu ya babu.

Chukua chekeche, chekecha unga juu ya sinia. Unga wote unaangukia ndani. Sasa toa sinia, weka sahani. Chekeche ni lile lile, mkono ni ule ule. Unga wa katikati utaangukia kwenye sahani, wa pembeni utamwagika chini. Kioo chako, Bibi, kimemwagika chini. Halafu mimi nikakichukua kile cha kwenye sahani nikakikuza kijae karatasi, ndiyo maana unaonekana kama umesogezwa mbele.

Ningeweza kurudi nyuma mpaka kioo kiingie, lakini nyuma ya vizibo kuna ukuta wa chumba cha giza. Niligonga kisogo nikijaribu, na wewe ukaniambia niache kucheza. Dawa ipo. Nikifunga lenzi ya 35 kwenye kamera yangu hii, itaona karibu sawa na ile 50 ya babu ilivyokuwa ikiona kwenye filamu. Niko tayari kuja.

Nisamehe kwa swali: barua yako ulikuwa unaiandikia wapi? Mistari mingi mwisho wake haupo. Nadhani kalamu iliendelea mezani. Nimekisia maneno, hasa ya matusi.

Mjukuu wako,
Chiriku.


Tarehe 10 Machi

Mke mwenzangu,

Sijambo, nawe usijambo. Mvua imeanza. Fundi cherehani amepata mjukuu wa kike, mweusi tii, mzuri. Mimi nina nundu juu ya jicho la kushoto kwa sababu mjomba wako aliacha mlango wa kabati wazi, nao ukanigonga. Anaapa yeye hakuligusa. Basi kabati lilijifungua lenyewe.

Nimemwaga unga wa watu kwa ajili yako. Nilichekecha juu ya sinia, kisha juu ya sahani, sakafu yote ikawa nyeupe. Mama wa jirani akaingia akanikuta nimechuchumaa natazama unga. "Bibi, umepoteza pete?" Nikamwambia nasoma. Akaondoka ananitazama. Sasa nimekuelewa, na usifikiri ni kwa sababu umesoma sana. Ni kwa sababu safari hii umesema kitu kinachoonekana.

Lakini nisikilize na wewe. Kama kosa ni sahani, tafuta sinia. Huyo thelathini na tano wako simtaki. Simjui. Mimi nataka lile lile jicho la mume wetu. Lenzi ile ilinitazama nikiwa na mimba ya mama yako. Ilimtazama mjomba wako siku aliyong'oka jino la kwanza, akalia kwa sababu alitaka lirudishwe ndipo apigwe. Ilitazama watu wa mji huu wote, wakija na viatu vya kuazima, wakinyoosha shingo. Babu yako alikuwa akiwaambia, "Tazama hapa, usitazame maisha." Sikujua maana yake na yeye hakujua, lakini watu walicheka, nyuso zikalegea, akabonyeza. Halafu leo uniletee lenzi ngeni isiyojua mtu?

Kioo kile alikinunua kabla hata hajanunua kitanda. Nililala chini na kioo kimesimama ukutani kama mgeni wa heshima. Nilikichukia mwaka mzima.

Kuhusu mistari, meza ndiyo fupi. Na wewe acha kukwepa. Nimekuuliza kupitia mama yako, nimekuuliza ulipokuja, nakuuliza tena: unafanya kazi gani huko? Ulituambia harusi na magazeti. Gazeti gani? "Kazi inaendelea" ni jibu la mtu anayejificha. Zamani ulikuwa huna breki ya mdomo, ndiyo maana tukakuita Chiriku.

Aprili inakuja.

Bibi yako.


Tarehe 28 Machi

Shikamoo Bibi, na pole kwa nundu.

Naandika haraka. Sinia limepatikana. Kuna mtu ameniazima kamera ambayo kihisi chake ni kipana sawasawa na filamu ya babu, na nimepata kiungo cha kuifungia lenzi yake. Hii haitamwaga kitu. Naja Jumamosi ya kwanza ya Aprili kwa basi la alfajiri na narudi jioni ile ile, kamera inadaiwa Jumapili. Tafadhali usisafishe kioo kwa mafuta ya taa, kitafanya mawingu.

Kumbe nilisahau kukwambia: kamera hizi hazina kumalizia. Hakuna filamu inayobaki. Unapiga mpaka uchoke.

Kazi inaendelea. Tutaongea nikija.

Chiriku.


Tarehe 9 Mei

Kwako Chiriku,

Salamu. Sote tupo isipokuwa studio.

Ulivyoondoka haikupita muda tukahama. Mjomba wako alikuja na vijana wawili wa mkokoteni. Benchi limekwenda kwa fundi, wateja wake wakalie. Pazia lenye mlima na ziwa lilipasuka walipolikunja, mlima ukaenda huku na ziwa kule. Kioo kilikuwa kimeshikwa na ukuta kwa miaka yote hiyo. Walipokibandua kikatoka vipande vitatu. Nikasema haidhuru, kimo kwenye picha. Ndiyo nilivyosema, mbele ya watu. Nikabaki mle peke yangu kidogo. Chumba kikiwa kitupu kina mwangwi, nikakohoa tu nikasikia watu wengi. Bado kilikuwa na ile harufu ya dawa ya kusafishia picha, kali kama siki, iliyokuwa kwenye mashati ya babu yako hata yafuliwe vipi. Vizibo vyake nimeviacha sakafuni. Muuza pampu akijikwaa atajua palikuwa na mwenyewe.

Sasa picha yako ya pili imefika. Kubwa kama trei, asante. Nimeiweka mapajani nikaifungua. Chiriku, unanifanya mtoto? Ni mimi, ni kiti, ni pazia. Umekata tena! Kioo hakimo. Benchi halimo. Sikuitazama mara mbili, ya kwanza ilinitosha, nimeifunga na gazeti lake nimeitia chini ya godoro. Hayo masinia na machekeche yote yalikuwa maneno. Umenimwagisha unga bure.

Chumba kimekwenda na kioo kimevunjika, hakuna wa kurudi kupiga. Nilikuomba kimoja tu.

Sina hasira. Nimechoka.

Bibi yako.


Tarehe 17 Mei

Shikamoo Bibi,

Sijui nianze vipi, kwa hiyo naanza na salamu za mama, ameandika kikaratasi, nimekiambatisha.

Bibi, picha niliyokutumia nina nakala yake, nimeibandika ukutani mbele yangu ninapoandika. Kioo kimo, pembeni kushoto. Benchi limo, lile lenye ubao mmoja mpya. Kulia pana ndoo ya maji na kiti kibovu. Kila kitu kimo. Usiniamini mimi. Itoe chini ya godoro, mwite fundi cherehani, mwambie akuonyeshe kwa kidole.

Nilipokuja Aprili nilinyamaza, na sasa najuta. Ulinimiminia chai kando ya kikombe ukasema kikombe kimehama. Uligonga benchi ambalo lipo hapo tangu kabla mama hajazaliwa. Nilisimama ubavuni kwako nikakusalimu mara mbili, hukujua nipo mpaka nilipokuja mbele. Barua zako mistari inaanguka. Na fundi, Bibi, hanyati. Yule mzee anakokota ndara, anasikika barabara nzima.

Mteja wangu mmoja wa picha za pasipoti ni muuguzi wa macho. Nilimweleza. Anasema ipo presha ya macho. Haiumi, haiwashi. Inakula kuona kwa mtu kuanzia pembeni, taratibu, na mwenyewe hajui kwa sababu katikati bado anaona vizuri, hata uzi kwenye sindano anatunga. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, mtu akiwahi. Asipowahi, inafika katikati.

Bibi, lenzi yako nzima. Nahofia ni sahani ndiyo inayopungua. Nakuomba uende hospitali ya macho. Mjomba atakupeleka, au fundi. Wiki hii.

Mjukuu wako akupendaye,
Chiriku.


Tarehe 2 Juni

Chiriku,

Nimepata kikaratasi cha mama yako. Mistari miwili. Mwambie nimechoka kwa kukisoma.

Picha za pasipoti? Ndiyo harusi na magazeti hayo? Mwaka wa pili unatudanganya, mjomba wako ametangaza mji mzima kwamba unapiga picha mawaziri, kumbe unapiga masikio ya watu. Halafu wewe ndiye unayetaka kuniambia kipi nakiona na kipi sikioni.

Macho yangu mazima. Jana nimemwona inzi kwenye dari. Inzi! Mjomba wako hakumwona.

Picha sitaitoa chini ya godoro. Fundi ana kazi zake. Hospitali waende wagonjwa.

Usiniandikie mpaka upate adabu.

Bibi yako.


Tarehe 30 Juni

Shikamoo Bibi,

Adabu sijapata, naandika hivyo hivyo.

Ni kweli, napiga picha za pasipoti. Ni duka la fotokopi, mbele ya ofisi wanayotolea vyeti. Nina stuli, shuka nyeupe na taa mbili. Niliona haya kusema kwa sababu babu alikuwa na pazia lenye mlima na ziwa. Kuna siku mteja alikuwa amekaza uso kama anaenda kunyongwa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Tazama hapa, usitazame maisha." Akacheka, nikabonyeza. Nikamaliza kazi nikakaa pale kwenye stuli.

Muuguzi anasema kitu hiki hupita katika damu. Sijui kwetu ilimpitia nani. Hukuwahi kusema.

Sitakuomba tena hospitali kwenye barua hii. Nakuomba kitu kidogo zaidi. Unakumbuka sahani ikiwa ndogo, njia mojawapo ni kurudi nyuma? Mpiga picha akirudi nyuma, vitu vinakuwa vidogo, na vilivyokuwa nje vinaingia. Kwa babu haikuwezekana, palikuwa na ukuta. Kwako hakuna ukuta. Mwambie mjomba aitundike picha sebuleni, upande wa dirisha. Wewe usiikaribie. Uitazame katikati, pale ulipo wewe, halafu urudi nyuma. Mlango wa chumbani ukiwa wazi unaweza kurudi mpaka kitandani.

Usipokiona kioo, nitakubali kwamba nilikukata mara mbili, na nitakuja kukuomba radhi kwa magoti.

Chiriku.


Tarehe 24 Agosti

Kwako Chiriku, mke mwenzangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, na baadaye nimechelewa kwa sababu. Mjukuu wa fundi anakaa mwenyewe sasa, analiangukia lile benchi la studio kama mlevi. Mjomba wako amenunua shati kubwa zaidi. Barua hii anaiandika fundi, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila neno na asiongeze lake, na ameandika hata hili.

Barua yako ya Juni niliiweka. Nikaisoma. Nikaiweka tena. Uliuliza kwetu ilimpitia nani. Ilimpitia mama yangu mzazi. Alimaliza siku zake akishikwa mkono mpaka msalani, na mkono uliokuwa ukimshika ni huu. Alikuwa mkali kuliko mimi, na akawa mpole. Upole ule ndio unaonitisha, Chiriku. Sikuwahi kuusema kwa mama yako wala kwa mjomba wako.

Unafikiri kwa nini sikuitazama picha mara mbili? Niliogopa kukikuta kioo. Kama hakimo, kosa ni lako, na wewe nimekuzoea kukugombeza. Kama kimo, kosa liko kwangu.

Basi nikamwita mjomba wako. Akapiga msumari vibaya, lipu ikadondoka, akapiga wa pili. Picha ikatundikwa. Nikamfukuza. Nikasimama karibu: mimi na kiti, kama kawaida. Nikarudi nyuma. Pazia likaingia. Nikapita meza, nikarudi, nikagonga kizingiti cha mlango wa chumbani kwa kisigino, nikarudi mpaka kitanda kikanikalisha chenyewe. Nikaitazama pale katikati, kama ulivyosema, sikuhangaika.

Benchi likaja kwanza. Ubao mpya. Kisha kioo.

Na mtu ndani yake. Kamera usoni, mguu mmoja juu ya mwingine, kama korongo. Chiriku, nilisema kwa sauti, "Umerudi?" Mjomba wako alikuwa amejibanza jikoni, akaitika yeye, "Sikuondoka, mama." Nilimtukana, kisha nikalia, kisha nikamtukana tena. Ni wewe. Hakuna aliyekufundisha kusimama vile, ulikuwa hujaanza hata kutambaa alipokufa.

Sasa ya hospitali. Fundi alinipeleka. Kijana wa pale aliniketisha mbele ya mashine akaniambia nitazame taa ya katikati, nibonyeze kila nikiona cheche pembeni. Nikatazama, nikasubiri. Nikamwambia mashine yenu mbovu, haitoi cheche. Hakucheka. Akanionyesha karatasi yake, katikati nyeupe, pembeni kote kweusi. Nikamwambia najua, ni sahani badala ya sinia. Alinitazama kama yule mama wa unga.

Ndiyo presha ya macho. Ya pembeni haitarudi, alinieleza waziwazi na nikamshukuru kwa hilo. Ya katikati watailinda. Natia matone asubuhi na jioni, fundi ananishikia kope kwa sababu mjomba wako mkono unamtetemeka. Nikitembea nageuza shingo huku na huku kama kuku, watoto wa mtaa wananiiga. Waache waige. Fundi nimemwomba radhi ya mwiko. Hili hakutaka kuliandika, nimemlazimisha.

Na wewe nenda ukapimwe. Huyo muuguzi wako wa pasipoti akupime kabla hajaondoka na picha yake. Nataka karatasi, sitaki maneno.

Kuhusu kazi yako, ulifikiri babu yako alitulisha kwa mlima na ziwa? Alitulisha kwa masikio ya watu, picha ndogondogo za vyeti, asubuhi mpaka jioni. Mlima na ziwa ni siku za sikukuu. Mjomba wako naye anaambiwa akatangaze upya.

Njoo mwezi ujao, au ule mwingine, ukipata nafasi. Njoo na kamera yako mwenyewe, ile ya sahani, sitaki ya kuazima. Lenzi bado iko kwenye soksi. Kioo hatuna, lakini ua wetu ni mrefu na nyuma yako hapatakuwa na ukuta, utarudi mpaka nitoshe. Niambie mapema, nisiwe na kitu motoni.

Ukifika tu, kabla hujapiga mtu mwingine yeyote, anza na mimi. Za kumalizia zilinitosha.

Bibi yako.